Walivyomnadi Nyundo

Fimbo ilimpata Mama Pazia kwenye mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, tena mbele ya mteja. Hilo la mteja ndilo lililomuuma kwanza. Maumivu yenyewe yalikuja baadaye. Mwalimu wa shule ya jirani alikuwa amekuja kuchukua mapazia yake ya sebuleni, amesimama mlangoni na mfuko mkononi, na aliona yote: aliyepiga, aliyepigwa, na kitambaa cha watu kilivyoteleza kutoka kwenye cherehani kikaanguka sakafuni.

Na jamani, tusisingiziane. Nyundo hakuwa mtu wa kupiga mke. Tangu wamekaa pamoja hakuwahi kumnyooshea hata kidole. Alikuwa dalali wa mnada, mtu wa kuuza kwa mdomo, na ugomvi wao wote ulikuwa wa mdomo vilevile. Majirani walikuwa wakisogeza viti karibu na ukuta kusikiliza. Jina la Nyundo alilipata kwenye uwanja wa soko, kwa ile nyundo ndogo ya mbao aliyogongea meza kila alipouza kitu. Mtu akija kwake Jumamosi kutazama tu, aliondoka na kochi la watu watatu na huku hajui litapita mlango gani.

Halafu kikaja kiharusi. Kilimwachia mguu wa kulia wa kuburuta, mkono wa kulia usio na nguvu, na mdomo usiomtii. Akili ilikuwa pale pale. Ukisema la kuchekesha alicheka, ukisema la upuuzi alikunja uso. Hospitali waliwaeleza kwamba maneno yote yamo kichwani, ila njia ya kutokea ndiyo imevurugika. Neno lilifika kwenye meno likakwama hapo, na yeye akabaki akilisukuma kwa shingo na mabega.

Siku hiyo ya fimbo alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Sebule yao ndiyo ilikuwa karakana ya Mama Pazia: cherehani katikati, mapazia ya watu kwenye kamba, pete za kuning'inizia zimejaa kwenye bakuli. Nyundo akainua mkono wa kushoto.

"Ki..." akasema. "Ki..."

"Kikombe!" Mama Pazia alidakia bila kutoa mguu kwenye cherehani.

Nyundo akatikisa kichwa.

"Kijiko!" Binti yao alipaza sauti kutoka jikoni. Alikuwa binti mtu mzima, karani wa ofisi ya maji, aliyepita kila akitoka kazini kumsaidia mama yake.

"Kijiko cha nini na amekwisha kula? Kitambaa? Baba watoto, unataka kitambaa?"

"Ki... ki..."

"Kiatu!"

"Kibao!"

"Kiberiti!"

"Kiberiti tena? Baba havuti hata sigara!" binti akapinga.

Ndivyo walivyozoea. Nyumba hii ilikuwa nyumba ya midomo myepesi, na aliyeifanya hivyo ni Nyundo mwenyewe. Watoto walipokuwa wadogo, kipande cha mwisho cha nyama alikinadi mezani. Wa kwanza kujibu ndiye aliyekula, na mwenye ulimi mzito alilala na hamu yake. Basi baba alipokosa maneno, wakayapigania kama walivyofundishwa. Kila mmoja alitupa lake haraka kabla mwenzake hajamwahi, na wote waliamini wanamsaidia.

Mwalimu naye, kwa ukarimu wake, akaona asiachwe nyuma. "Labda anataka kitabu?"

Wakacheka. Ndipo binti akatokea mlango wa jikoni, mwiko mkononi, akapanua kifua na kuiga ile sauti ya sokoni ambayo mji mzima uliijua.

"Haya, kitabu mara ya kwanza! Kitabu mara ya pili! Kitabu mara ya..."

Mama Pazia alicheka mpaka akainama. Hakumwona mumewe akisimama, wala hakuona mkono wa kushoto ukinyanyua fimbo ya kutembelea. Alihisi tu mkono wake umekufa ganzi, kisha akasikia kimya. Aliponyanyua kichwa, Nyundo alikuwa akiitazama fimbo kama anayeuliza nani ameileta humu ndani. Akaiachia ianguke. Akajiburuta mpaka chumbani, akishikilia ukuta, na mlango ukafungwa.

"Mapazia nitakuja kesho," mwalimu akasema, ingawa yalikuwa tayari yamekunjwa mezani.

*

Aliyeitwa kuamua alikuwa mdogo wake Nyundo, mfugaji wa kuku nje ya mji. Watu walimwita Bwana Kuku na yeye aliona ni heshima. Alifika kesho yake na viatu vyenye manyoya, akakaa katikati ya sebule, akamgeukia kaka yake aliyekuwa palepale karibu na dirisha.

"KAKA!" alipiga ukelele. "UNANISIKIA?"

"Anasikia, shemeji," Mama Pazia akasema. "Masikio hayakuguswa."

"Aa, sawa. Basi." Akashusha sauti, na toka hapo akazungumza na wanawake tu, kana kwamba kwenye kile kiti pameachwa koti. "Mimi nimefikiri hivi. Kule kwangu nyuma ya banda kuna chumba. Kuna kitanda, kuna dirisha. Akitaka kurusha vitu atarusha, kuku wangu hawana maneno. Hapa mtauana."

"Hatuuani," Mama Pazia akasema, lakini kwa sauti ndogo. Mkono ulikuwa umevimba. Aliutundika shingoni kwa kipande cha pazia kilichobaki kwenye kazi ya mwalimu, na kitambaa kizito asingeweza kukisukuma chini ya sindano kwa mkono mmoja. Cherehani ilikuwa imekaa kimya tangu jana na ukimya huo ulimsumbua kuliko kelele.

"Mama, vikombe alivunja tukasema ni bahati mbaya," binti akasema. "Sahani alisukuma tukasema ni uchovu. Jana mkono. Kesho likiwa jicho? Wewe unashona kwa macho."

"Baba yako hakuwa hivi."

"Hakuwa. Sasa ndivyo alivyo." Binti alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mimi pia nampenda. Lakini namwogopa, na wewe unamwogopa. Jana umelala kwenye kochi."

Mama Pazia alijua ni kweli. Alikuwa amelala kwenye kochi na kusikiliza kila mlio wa kitanda cha chumbani. Alikuwa na hasira na aibu vimechanganyika, hajui anaanza kumeza kipi.

"Si..." Nyundo akasema.

Wote wakageuka.

"Si... si..."

"Sigara?" Bwana Kuku akauliza.

"Simu!" binti akasema. "Unataka kumpigia nani, Baba?"

"Sikio? Sikio linauma? Au sindano? SINDANO, KAKA?"

"Si..." Mishipa ya shingo ilimtoka. Macho yakawa mekundu, jasho likamtiririka kwenye paji, na ngumi ya kushoto ikashuka kwenye mkono wa kiti mara moja, mara mbili, mpaka bakuli la pete lililokuwa kando yake likaruka na pete zikatawanyika sakafuni.

"Mnaona?" Bwana Kuku akasimama nusu. "Mnaona wenyewe? Mimi nimemuuliza kwa upole tu!"

Pete moja ilizunguka sakafuni kwa muda kabla ya kulala. Mama Pazia aliinama kuziokota kwa mkono wa kushoto, na alipokuwa pale chini, mahali ambapo hakuna aliyeuona uso wake, akasema:

"Mje mumchukue Jumamosi."

*

Ijumaa mchana alimfungia nguo zake. Hakumsemesha. Mama Pazia akinuna, ananuna kweli. Kazi ya mkono mmoja ilimchosha, na kila shati alilokunja lilimwongezea uchungu. Nyundo alikaa ukingoni mwa kitanda akimtazama. Nywele zilikuwa zimemsimama upande mmoja, upande aliolalia.

"Ki..." akasema.

Mkewe akaendelea kukunja. Ulimi ulimwasha. Maneno matano yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga foleni, lakini alijiambia: sikusaidii leo. Ulinipiga kwa kukusaidia. Hangaika mwenyewe.

"Ki..."

Shati la bluu. Shati la michirizi. Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli, ikaenda ikapotea. Suruali ya kijivu. Nyundo alifumba macho, akavuta pumzi, akaitoa taratibu. Hakuna aliyemkimbiza. Chumba kilikuwa kimya kama cha mtu anayefanya mtihani.

"Ki... ta..."

Mama Pazia aliacha kukunja. Hakugeuka.

"...na."

Kitana.

Loo! Mama Pazia aliketi sakafuni pale pale alipokuwa, suruali ya mume mapajani. Kitana! Mtu huyu aliyekuwa hatoki nje bila kujitazama kwenye kioo mbele na nyuma, aliyekuwa akichana nywele mara tatu kabla ya kupanda kwenye meza ya mnada, alikuwa ameketi dirishani siku zote hizi na kichwa kama kiota, wateja wanaingia, wateja wanatoka, yeye anaomba kitana. Na watu wa nyumba yake wanamletea vijiko.

Alikipata nyuma ya droo. Akasimama mbele yake akamchana, polepole, upande uliosimama kwanza. Mikono ya mumewe ilitulia magotini. Mkewe hakuwa amemgusa tangu ile fimbo.

"Sasa nisikilize," akasema alipomaliza. "Nitakuuliza kitu. Halafu nitanyamaza, hata nikipasuka. Unataka kwenda kwa mdogo wako?"

Akanyamaza. Ilikuwa kazi, wee! Kushona pazia la jukwaa zima kungekuwa rahisi. Alikaza meno, akahesabu maua kwenye shuka, akajikuna shingo. Nyundo alipambana na mdomo wake, akashindwa, akapumzika, akarudi tena.

"Si... ta... ki."

Kumbe. Lile *si* la juzi, lililozaa sigara na sindano, lilikuwa hilo tu.

Alimwita binti akamwonyesha. Nyundo akatoa *kitana* tena, kwa shida ile ile. Binti alilia, lakini alikuwa na akili yake na hakuiweka kando.

"Nafurahi, Mama. Naapa nafurahi. Lakini maneno mawili hayazuii fimbo. Huku chumbani tuko kimya sote. Kesho akija mteja? Akija jirani mwenye domo? Utawafunga wote midomo?"

Mama Pazia alikirudisha kitana kwenye droo. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma: kwamba mtoto alikuwa na haki, na kwamba yeye mwenyewe, pamoja na kitana chote kile, usiku huo pia angelala kwenye kochi.

*

Jumamosi Bwana Kuku alikuja asubuhi na gari lake dogo la mizigo. Mama Pazia alimweleza habari ya maneno mawili. Akasikiliza huku akipakia godoro.

"Shemeji, mimi si mtaalamu. Lakini mkono wako nauona, umevimba kama mkate."

"Basi nakuja na mimi. Nikione hicho chumba kabla hajalala humo."

Hakuna aliyebisha. Nyundo alikaa mbele, katikati, mkewe dirishani, na binti akapanda nyuma pamoja na godoro na sanduku. Barabara ya kutoka mjini ilipita kando ya uwanja wa soko. Bwana Kuku hakulifikiria hilo. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mnada, na watu walikuwa wamefurika mpaka ukingoni mwa barabara, gari likawa linatambaa.

Katikati ya uwanja, juu ya meza ileile, alisimama Spika, mtu mzima mwenye kitambi ambaye alikuwa mwenzake Nyundo kwenye kazi. Walimwita Spika kwa sababu ya kipaza sauti chake cha kushika mkononi. Bila kipaza sauti hasikiki na pamoja nacho haeleweki. Mbele yake palikuwa na kabati la milango mitatu, mbao nzito, kioo katikati. Mama mmoja anayehama mji alisimama kando yake akilifuta vumbi lisilokuwepo, na watu walikuwa wakilitajia bei ya sanduku la mabati.

"Wateja, jamani, hili ni kabati," kipaza sauti kilikoroma. "Kabati zuri. Basi... nani anaongeza?"

Hakuna aliyeongeza. Nyundo alipiga ngumi kwenye dashibodi.

"Ameanza!" Bwana Kuku akashtuka, gari likayumba. "Mshike mkono, shemeji! Ameanza!"

"Simamisha gari."

"Shemeji, katikati ya watu hivi..."

"Simamisha, na funga mdomo wako."

Bwana Kuku hakuwahi kuambiwa hivyo na mwanamke wala na kuku. Akakanyaga breki. Mama Pazia alimgeukia mumewe, akamtazama usoni, akangoja. Ngumi ilikuwa bado imekazwa. Nyuma yao dereva mwingine alipiga honi, akapiga tena.

"Ni... shu..." Nyundo akavuta pumzi. "She."

Akamshusha.

Watu waliwapisha, na kuwapisha kwenyewe hakukuwa kwa heshima yote. Habari ya fimbo ilikuwa imekwisha kufika sokoni kabla yao.

"Ndiye huyo. Amemvunja mkewe mkono."

"Haukuvunjika, umevimba," Mama Pazia alimwambia msemaji akipita. "Ukisema habari zangu, uziseme kwa usahihi."

Spika alipomwona mwenzake alishusha kipaza sauti. "Nyundo! Ndugu yangu! Karibu, karibu." Macho yake yalikuwa na furaha ya kweli na wasiwasi wa kweli. Nyundo hakupanda juu ya meza, mguu usingeweza. Alisimama kando yake. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua nyundo ya mbao, akaiinua juu.

Safu ya mbele ilirudi nyuma. Mama mwenye kabati akajificha upande wa pili wa kabati lake. Bwana Kuku, aliyekuwa amewafuata, alichupa kutoka nyuma kwenda kuudaka ule mkono, na Mama Pazia akajikuta amesimama katikati yao, mkono wake mbovu ndio uliotangulia.

"Mwache."

"Atampiga mtu!"

"Nimesema mwache!"

Alikuwa na hofu, tusidanganyane. Mgongo wake ulikuwa kwa mumewe na hakujua ile nyundo itashukia wapi. Angeweza kusogea. Hakusogea.

Nyundo ikashuka. Ikagonga meza, *ko!*, na sauti ikafumuka, nene, kamili, bila kigugumizi chochote:

"Haya wateja, haya majirani! Shika, gusa, gonga, kagua! Ukisinzia limekwenda, ukipepesa limepakiwa! Elfu kumi nani? Kumi kule! Kumi na moja? Kumi na moja mama wa kilemba! Kumi na mbili! Usimtazame mkeo, mkeo amekwisha kubali! Kumi na tatu!"

Uwanja ulilipuka. Watu walipiga kelele, wakapiga makofi, wakapiga mluzi. Binti aliyekuwa amesimama juu ya godoro ndani ya gari alijishika kichwa kwa mikono miwili. Mama Pazia aligeuka akamtazama mumewe mdomo wazi. Mtu asiyeweza kuomba kitana anauza kabati! Yale aliyoyasema kila Jumamosi ya maisha yake yalikuwa yamejichimbia njia yake yenyewe, na kiharusi hakikuigundua. Wanunuzi waliokuwa wameanza kuondoka walirudi mbio. Bei ilipanda, ikapanda tena, na mama mwenye kabati alitoka alikojificha akiwa ameziba mdomo kwa mikono.

Ndipo mwanamume mmoja wa kofia akauliza, kama mnunuzi yeyote anavyouliza: "Milango hiyo ina funguo?"

Nyundo akafungua mdomo. "Fu..."

Ikakatika. Lile swali halikuwa kwenye njia iliyozoeleka.

"Fu... fu..."

"Fundi!" mtu akapayuka.

"Futa!"

"Fukuza! Anasema mfukuzeni!"

Kicheko kikatoka huku, kikajibiwa kule. Mama Pazia aliuona uso wa mumewe ukibadilika. Ulikuwa uso uleule wa sebuleni: shingo imekaza, macho yametoka, jasho. Vidole vilivyoshika nyundo vilikuwa vimekazwa mpaka kucha zimepauka. Mwenye kofia alikuwa hatua mbili tu mbele yake, anacheka na wenzake, hana habari.

"NYAMAZENI!"

Hata kipaza sauti cha Spika hakijawahi kutoa sauti ile. Wauza vitunguu wa upande wa pili wa uwanja waligeuka.

"Nyamazeni kabisa! Mnamjibia, mnajua anachotaka kusema? Mimi mkewe sijui! Atakayesema neno kabla yake, kabati hili atalinunua yeye, na bei nitapanga mimi!"

Kimya kikashuka juu ya watu wote wale. Mtoto mmoja aliuliza kitu akafunikwa mdomo na mama yake. Mama Pazia alikuwa amefanya lake. Lililobaki halikuwa lake. Alimtazama mumewe, akaitazama nyundo, na hakumkaribia.

Nyundo alisimama akihema. Kisha, taratibu, kama mtu anayeweka yai, aliilaza nyundo juu ya meza na kuisukuma mbali naye kwa ncha za vidole. Akafumba macho. Akavuta pumzi, akaitoa. Akaenda kwenye kabati akiburuta mguu, akashika kilichoning'inia kwenye mlango wa katikati, akakizungusha. *Ka.* Akazungusha tena. *Ka.* Akawageukia watu, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

"Fu... ngu... o," akasema. "Zi... po."

Mimi sijui niielezeje ile kelele. Watu walishangilia funguo kama ambavyo hawajawahi kushangilia bao. Mwenye kofia alivua kofia yake. "Basi nanunua!" alisema. "Kumi na tisa!" Mama wa kilemba akasema ishirini, na Nyundo akairudia meza, akaichukua nyundo, na mashine ikawaka tena: mara ya kwanza, mara ya pili, mtazame mkeo sasa, mara ya tatu, *ko!* Limekwenda kwa mama wa kilemba.

Spika alimkumbatia mpaka kitambi kikamsukuma. "Jumamosi ijayo uko hapa," akasema. "Wewe nadi, maswali nitajibu mimi. Au tutakungoja ujibu. Watangoja, umewaona." Bwana Kuku alisogea, akaanza, "KAKA..." akakumbuka, akaanza upya kwa sauti ya kawaida. "Kaka. Mimi chumba nitaweka vifaranga." Binti alishuka garini, akamshika baba yake mkono ule usio na nguvu, akauweka shavuni kwake. Hakusema kitu, na kwa binti wa nyumba ile hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Lakini Nyundo alikuwa akimtafuta mkewe kwa macho. Alimwendea mbele ya watu, polepole, mpaka akafika. Akaugusa mkono uliotundikwa kwenye kipande cha pazia, akaugusa kwa shida, kwa kidole kimoja.

"Ni..." akasema. "Ni... sa..."

Mama Pazia alikwisha lijua. Soko zima lilikwisha lijua. Lilimjaa mdomoni, likamsukuma meno, na machozi yalikuwa yamekwisha mtoka. Lakini hakumsaidia. Lilikuwa neno la mumewe, alikuwa anamdai, na alilitaka lote. Akasimama akangoja.

"Me..."

Akangoja.

"...he."

"Nimekusikia," Mama Pazia akasema. Alijifuta uso kwa mkono mzima. "Nimekusamehe, na wewe unisamehe kwa vile vijiko. Sasa na wewe nisikie, na hawa wote ni mashahidi. Siku utakayoninyanyulia mkono tena, kwa kuku nitakupeleka mimi mwenyewe, kwa miguu, na godoro utabeba wewe."

Watu wakaangua kicheko. Nyundo alitazama godoro kule garini, akamtazama mkewe, akatafuta jibu, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa wake hakuna hata mtu mmoja aliyemharakisha.

"Ni... zi... to," akasema.

Kisha akacheka mwenyewe mpaka ikabidi ashike meza, na Spika akaleta kitanda cha kunadi.